Pointi tano na mkanda wa feni: kutoka Bukoba hadi Uwanja wa Taifa, Machi 2019

Alhamisi, 21 Machi 2019. Bukoba

Jioni hii nimekata tiketi mbili za basi la kesho alfajiri kwenda Dar es Salaam, moja yangu na nyingine ya Mjomba, ambaye ana umri wa miaka 63 na ambaye tangu Novemba iliyopita hataki kabisa kusikia jina la Lesotho likitajwa mezani. Duka langu la vifaa vya shule nimemwachia mdogo wangu pamoja na funguo na madeni ya walimu watatu, na kutoka rafu ya juu nimechukua daftari hili la kurasa 48 ili niandike safari yote, kwa sababu kama Jumapili tutafuzu nitataka kukumbuka kila kituo, na kama hatutafuzu walau nitajua nauli ilikwenda wapi.

Naanza na hesabu, maana ndiyo inayotupeleka. Katika kundi L la kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika, Uganda wana pointi 13 na wameshakata tiketi yao tangu walipowafunga Cape Verde 1-0 mjini Kampala mwezi Novemba. Nyuma yao tupo sisi na Lesotho, kila mmoja na pointi 5, na Cape Verde wana 4. Nafasi iliyobaki ni moja. Fainali za Misri za mwezi Juni zitakuwa za kwanza kuwa na timu 24, na hapo awali zilipangwa kufanyika Cameroon kabla hawajanyang'anywa uenyeji; wengi walidhani kwamba mlango ukipanuliwa kiasi hicho tutaingia bila kugusa kizingiti. Haikuwa hivyo. Jumapili sisi tunawakaribisha Uganda, na saa ileile Lesotho watakuwa Praia kucheza na Cape Verde.

Watu wengi hapa mtaani wanasema tunahitaji kushinda tu. Si kweli, na nimechoka kuwaeleza. Timu mbili zikilingana pointi, kanuni inaangalia kwanza zilipokutana zenyewe ilikuwaje, na sisi kwa Lesotho tulitoka sare 1-1 nyumbani na tukafungwa 1-0 kwao. Kwa hiyo wakishinda Praia watafikisha pointi 8 na kutupita hata tukiwafunga Uganda mabao kumi. Sare kwetu ni kifo cha moja kwa moja, kwa kuwa ile mechi nyingine lazima itoe wa kutupita, na hata ikiwa sare tutabaki sawa na Lesotho na kanuni ileile itatuhukumu. Tunachotakiwa ni kushinda sisi, na wakati huohuo Cape Verde, walewale waliotucharaza 3-0 mwezi Oktoba, wawe na nguvu ya kutosha kuwazuia Lesotho. Ni jambo la ajabu kumwombea afya mtu aliyekupiga.

Wapo wanaosema tuliharibikiwa Praia, na wapo wanaosema ni Maseru, kwa Lesotho, siku ile ya 18 Novemba ambapo Nkau Lerotholi alitufunga kipindi cha pili na Mjomba akazima redio kwa kuing'oa betri. Mimi nasema tuliharibikiwa uwanja wa Chamazi, hapohapo Dar es Salaam, tarehe 10 Juni 2017, siku ya kwanza kabisa ya kundi hili. Samatta alitufungia kwa mpira wa adhabu, tukadhani kazi imekwisha, Lesotho wakasawazisha, na tukaenda nyumbani tukijiambia kwamba bado mechi tano. Zile pointi 2 za Chamazi ndizo tunazozifuata kesho kwa basi, umbali wa kilomita zaidi ya 1,300.

Ijumaa, 22 Machi. Bukoba hadi Singida

Tulifika stendi saa 11 na nusu alfajiri. Mjomba alikuwa amevaa koti la suti, kofia, na ndani ya koti jezi ya bluu ya Taifa Stars iliyokuwa bado na mikunjo ya dukani. Mkononi alikuwa na redio yake ndogo iliyofungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli ili kifuniko cha betri kisidondoke, na mfukoni kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba. Mimi nilibeba pakiti mbili za senene wa kukaanga kwa ajili ya dada yangu wa Temeke, ambaye alisema kwamba bila senene tusijisumbue kubisha hodi.

Basi liliondoka saa 12 na dakika 10. Upande wa pili wa ujia, kiti kinachotazamana na chetu, alikaa kijana mnene mwenye jezi ya Cranes, timu ya taifa ya Uganda, ambaye alivuka mpaka wa Mutukula jana jioni na kulala Bukoba. Ni mfanyabiashara wa Masaka. Anakwenda Kariakoo kufunga mzigo wa viatu, lakini safari ameipanga iangukie kwenye mechi. Kiswahili chake ni cha sokoni, kimenyooka vya kutosha. Alimwamkia Mjomba shikamoo, kisha akasema kwa upole uliokuwa na pilipili ndani yake: "Sisi mzee tunakuja kutembea tu. Kazi tulimaliza Novemba."

"Marahaba," Mjomba akajibu. "Mtembee salama."

Hadi Muleba hawakusema tena. Lakini njia ya Bukoba ni ndefu kuliko kiburi cha mtu yeyote, na tulipofika Biharamulo walikuwa wanagawana kahawa. Katika msitu ule ambao miaka ya nyuma mabasi yalisindikizwa na askari wenye silaha kwa kuogopa majambazi, Mjomba alianza kusimulia mwaka 1979, na mimi niliandika huku daftari likirukaruka, kwa sababu kisa chenyewe nimekisikia mara nyingi lakini kamwe hakuna aliyekisikiliza akiwa upande wa pili.

Alikuwa mgambo, mwenye miaka 22 na kitu, vita vya Kagera vilipomchukua. Mwezi Aprili Amin aliondoka Kampala, lakini jeshi letu lilibaki, naye akabaki nalo. Mwezi Agosti, Taifa Stars walikwenda Ndola kurudiana na Zambia. Dar es Salaam tulikuwa tumeshinda 1-0, na mshindi wa jumla angekwenda fainali za 1980 kule Nigeria. Kikosi kizima, anasema, kilizunguka redio moja iliyowekwa juu ya debe. Zambia wakapata bao, na askari mmoja akainuka akaenda kuketi peke yake chini ya mti. Halafu Peter Tino akasawazisha, ikawa 1-1, na yule wa chini ya mti akarudi akikimbia bila kiatu kimoja. Tukaenda Lagos, tukafungwa na Nigeria na Misri, tukatoka sare na Ivory Coast, basi. Miaka 39 imepita na hatujarudi.

Kijana wa Masaka alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema mama yake alimweleza jinsi mji wao ulivyobomolewa kwa mizinga mwaka huohuo, hata wakakaa miaka bila duka lenye paa. Mjomba hakujibu. Alifungua jani la mgomba, akamsogezea kahawa iliyobaki yote.

Baada ya Nyakanazi barabara ilitupeleka vizuri, Ushirombo, Kahama, Tinde, Nzega, tukisimamishwa mara kwa mara na trafiki wenye tochi, na mara mbili tukishuka kuchimba dawa vichakani. Redio ya dereva haikuzungumza jambo lingine ila mechi. Mtangazaji mmoja alirudia kwamba wiki iliyopita Simba waliwatoa AS Vita kwenye uwanja huohuo na kuingia robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, kwa hiyo Jumapili mashabiki wa Yanga nao waje kwa kuwa hii ni ya wote. Abiria wa kiti cha nyuma, ambaye bila shaka ni Yanga, alitoa sauti ya mtu aliyemeza mfupa.

Saa 12 jioni, tukiwa tumepita Igunga na kabla ya kuukabili mlima Sekenke, injini ilianza kuchemka na basi likaegeshwa kando. Mkanda wa feni ulikuwa umekatika. Konda alitangaza kwamba ni dakika 30. Utingo alilala chini ya injini na tochi mdomoni, akatoka, akaingia tena, kisha ikajulikana kwamba mkanda wa akiba uliokuwepo ni wa gari la aina nyingine, na kwamba mtu ametumwa kwa bodaboda kwenda Shelui kuutafuta. Dakika 30 zilikuwa saa 4. Nilizipima kwa simu.

Katika saa hizo ndipo yalipozuka maneno ambayo, nadhani, yalikuwa yakizungumzwa nchi nzima wiki hii. Mama mmoja aliyebeba mtoto alisema Uganda ni majirani, wameshafuzu, watatuachia; kwa nini wajichoshe? Wengi wakaitikia. Hata dereva, ambaye alipaswa kuwa na aibu ya kunyamaza, alisema undugu ni undugu. Kijana wa Masaka aliulizwa moja kwa moja. Alicheka kwanza, kisha akajibu kwa umakini kwamba Uganda wamecheza mechi 5 katika kundi hili na hawajaruhusu bao hata moja, si nyumbani wala ugenini, na timu yenye rekodi ya namna hiyo haisafiri kwenda kuichafua kwa ajili ya ujirani. "Mwezi Septemba mlikuja uwanja wetu wa Namboole tukatoka 0-0," akasema. "Nani alimwachia nani?"

Mjomba, ambaye alikuwa amekaa juu ya jiwe akitazama mataa ya malori yakipanda mlima, alisema jambo moja tu: kama bao la Jumapili litakuwa la kuachiwa, yeye atarudi Bukoba usiku uleule kwa miguu. Naungana naye. Hesabu ya mwisho ikiishategemea Praia, tukianza tena kutegemea huruma ya Kampala, hapo sisi wenyewe tutakuwa tumebaki na kazi gani?

Mkanda ulifika saa 4 usiku. Singida tuliingia karibu saa 6, na kwa kuwa basi la abiria halikuruhusiwa kutembea usiku wa manane, tulilala ndani yake stendi ya Misuna. Naandika kwa mwanga wa simu. Mjomba amelala ameketi wima na redio mapajani.

Jumamosi, 23 Machi. Singida hadi Dar es Salaam

Leo sina mengi, kwa sababu nusu ya njia nililala. Manyoni sikuiona. Dodoma tulinunua zabibu dirishani, na Mjomba alilalamika juu ya bei hadi Gairo, ambako alianza kulalamika juu ya bei ya viazi.

Kati ya Morogoro na Chalinze simu zilianza kuimba. Burundi walikuwa wakicheza na Gabon mjini Bujumbura, wakihitaji sare tu ili wafuzu kwa mara ya kwanza katika historia yao, na Gabon walihitaji ushindi. Cédric Amissi alipofunga, abiria wawili waliopandia Nyakanazi, ambao tangu jana tulidhani ni watu wa Ngara, walisimama wakakumbatiana kwa Kirundi. Gabon walisawazisha kwa bao la kujifunga, na kuanzia hapo basi zima likawa Warundi. Ilikwisha 1-1. Nchi ambayo haijawahi kukanyaga fainali hizi imeingia, tena bila kupoteza mechi hata moja katika kundi lililokuwa na Mali na Gabon.

Kwa hiyo Uganda wamo, Kenya wamo tangu zamani, na sasa Burundi wamo. Niliandika majina hayo matatu kwenye ukurasa na kuacha mstari mmoja wazi chini yake. Mjomba aliutazama ule mstari, akaniambia nifunge daftari.

Ubungo tulishuka saa 2 usiku kwenye joto la kukamua shati. Dada alikwisha kupika. Kabla ya kusalimiana vizuri aliuliza walipo senene. Kwenye simu ya shemeji, usiku mkubwa, tulipata habari kwamba bondia Hassan Mwakinyo ameshinda pambano lake kule Nairobi, na shemeji akasema hiyo ni dalili njema. Mimi sizihesabu dalili.

Jumapili, 24 Machi. Temeke na Uwanja wa Taifa

Tuliondoka nyumbani saa 7 mchana kwa miguu, tukipita Chang'ombe, na kadiri tulivyosogea ndivyo barabara ilivyogeuka bluu. Vuvuzela, bendera zilizofungwa mabegani kama kanga, watoto waliopakwa rangi ya kijani na njano mashavuni, wauza karanga na maji, na jambo ambalo sijawahi kuliona katika uwanja huu tangu ulipofunguliwa mwaka 2007: mtu mwenye jezi nyekundu na mwenye jezi ya kijani na njano wamepakiana bodaboda moja. Tulikaa mzunguko, upande ambao jua la jioni halitugongi usoni. Uwanja wa viti 60,000 ulikuwa ukijaa kwa mawimbi, na saa 11 sikuona tena viti, niliona watu.

Mbele yetu alikaa mzee mwingine wa umri wa Mjomba, na baada ya dakika kumi walikuwa wanabishana kuhusu nani alikuwa golini Ndola. Pembeni yangu alikaa kijana mwembamba aliyevaa kipokea sauti sikio moja tu, la kushoto. Alitueleza mapema kwamba mwenzake yuko nyumbani mbele ya intaneti akifuatilia Praia na atampigia kila kitu kikitokea, na kwamba amenunua vocha ya kutosha. Watu wa safu yetu walimpa heshima ya afisa wa uchaguzi. Mmoja alimnunulia maji.

Mpira ulianza saa 12 jioni. Dakika za kwanza zilikuwa za kifua kubana. Uganda walitulia na kupasiana kana kwamba kweli wamekuja kutembea, na kila walipovuka nusu yetu nilikumbuka zile mechi 5 bila kuruhusu bao. Kocha wetu, Emmanuel Amunike, alisimama ukingoni mwa eneo lake mikono nyuma. Huyu ni mtu aliyefunga mabao mawili dhidi ya Zambia katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994, na lingine la kuipa Nigeria dhahabu ya Olimpiki ya 1996. Tangu Maseru ametukanwa katika kila kijiwe cha nchi hii, na mimi mwenyewe nilichangia. Nilimtazama nikafikiri kwamba anajua jinsi siku kama hii inavyokwenda, jambo ambalo hakuna mwingine katika uwanja ule aliyeweza kulisema.

Dakika ya 21, Simon Msuva akafunga.

Siwezi kueleza sauti ile, kwa hiyo nitaeleza kilichotokea kwenye safu yetu. Mzee wa mbele alimkumbatia Mjomba, kofia ya Mjomba ikaruka ikaanguka safu tatu chini, na ilirudi ikipitishwa mkono kwa mkono hadi ikamfikia. Kijana wa kipokea sauti alikuwa ameziba sikio la kushoto kwa kiganja na kufumba macho. Watu walipoanza kuketi wote walimgeukia. Alifumbua macho akasema: "Praia bado 0-0." Ndipo tukashangilia mara ya pili.

Hadi mapumziko ilikuwa 1-0. Giza lilikuwa limeingia na taa zimewaka. Nilimwuliza Mjomba kama ana njaa, akasema tusizungumze.

Dakika ya 51 tukapata penalti. Erasto Nyoni aliuchukua mpira akauweka. Wakati huo Mjomba alinishikisha kahawa yake bila kunitazama, na sikujua kama nimeishika hadi nilipofika nyumbani na kukuta imesagika kiganjani na mfuko wa shati umechafuka. Nyoni hakukosea. Dakika 6 baadaye beki Aggrey Morris akafunga la tatu, na timu ambayo haikuwa imeruhusu bao lolote katika mechi 5 ikawa imeruhusu 3 katika dakika 57. Nilijikuta nikitafuta kwa macho jezi ya Cranes katika umati wa maelfu, kwa haja tu ya kumwona uso kijana wa Masaka. Wala si kwa kumkejeli.

Yaliyofuata ndiyo niliyoyafuata kutoka Bukoba, ingawa wakati naondoka sikulijua hilo. Zilibaki dakika 33 na zaidi, tunaongoza 3-0, na mechi iliyokuwa mbele yetu ikawa haina tena neno la kutuambia. Ile iliyobaki ilikuwa inachezwa kwenye kisiwa katika bahari ya Atlantiki, ambako jua lilikuwa bado liko juu, na hakuna aliyekuwa akiiona. Uwanja ulianza kutazama chini. Nilipogeuka nyuma niliona simu zimewaka safu kwa safu, nyuso za bluu zikimulikwa kutoka chini, watu wanauliza, wanajibiwa, wanauliza tena. Samatta alikimbia na mpira pembeni, na shangwe ikaja kwa kuchelewa kama mwangwi. Kila mara kelele ilipoinuka upande mmoja wa uwanja bila sababu uwanjani, moyo ulishuka: wamefunga? Nani? Kwenye dakika ya 70 hivi uvumi ulipita kwamba Lesotho wamepata bao. Mtu mmoja juu yetu alilia kabisa kwa sauti. Kijana wetu aliinua mkono kama trafiki, akasikiliza kwa muda ambao naapa ulikuwa robo saa, kisha akatikisa kichwa: uongo, bado 0-0.

Mjomba alikuwa na redio yake sikioni, lakini hakuiwasha. Nilimwuliza kwa nini. Akasema mwaka 1979 habari ilimjia kwa redio, na leo anataka kuambiwa na mtu.

Filimbi ya mwisho ilipolia hapa kwetu watu walirukaruka, lakini safu yetu ilisimama kimya ikimzunguka kijana mmoja aliyeziba sikio. Midomo yake ilikuwa ikirudia maneno ya mwenzake: bado, bado, bado. Kisha akavua kile kipokea sauti, akakikunja taratibu akakitia mfukoni kama mtu anayefunga ofisi, akamgeukia Mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa, na kumwambia: "Mzee, imekwisha. Sare. Tunakwenda Misri."

Mjomba alimpa mkono. Alimshukuru kwa adabu zote, akamwuliza nyumbani ni wapi, akaambiwa Mbagala. Halafu aliketi kwenye kiti na kukaa pale hadi sehemu kubwa ya mzunguko ilipokuwa tupu, na wafagiaji wakaanza kukusanya chupa safu ya chini. Msimamo wa mwisho nimeuandika papo hapo: Uganda 13, Tanzania 8, Lesotho 6, Cape Verde 5. Kisha nikaujaza ule mstari niliouacha jana.

Kutoka uwanjani hadi Temeke tulitumia zaidi ya saa 2, kwa kuwa barabara zilikuwa hazina njia. Shemeji alikuwa amesimama mlangoni akirudia habari za dalili njema.

Jumatatu, 25 Machi. Kariakoo na Ubungo

Magazeti yalikuwa yamekwisha kufikia saa 3 asubuhi. Nilipata moja kwa mtu aliyekuwa ameshalisoma, akaniuzia kwa bei ileile. Mchana Rais Magufuli aliwaita wachezaji Ikulu, na jioni tukasikia wamepewa viwanja vya kujenga Dodoma. Dada alifurahi. Mjomba aliuliza kama walionyimwa ni wale waliotoka sare Chamazi, na ikambidi shemeji amkumbushe kwamba wengi wao ni walewale.

Ubungo, tulipokwenda kukata tiketi za kurudi, tulimkuta kijana wa Masaka amekalia marobota mawili ya viatu. Alisimama, akampa Mjomba mkono wa hongera, akasema rekodi yao imeharibika na kocha wao Desabre atakuwa na maneno. Kisha akaongeza kwamba alikuwa upande wa pili wa uwanja, na kwamba dakika 20 za mwisho hata yeye aliomba simu ya jirani aone matokeo ya Praia. "Sikujua naomba nini," alisema. "Nikaona tu siwezi kukaa." Makundi yatapangwa 12 Aprili kule Giza, na walikubaliana kwamba wakiwekwa kundi moja tena, safari hiyo haitakuwa ya kutembea.

Jumanne, 26 Machi. Ubungo, saa 11 na nusu alfajiri

Tumepangiwa basi lilelile lililotuleta, na konda ni yuleyule. Alituchangamkia, akachukua begi la Mjomba, akatueleza kwamba leo tutalala Bukoba bila shaka yoyote. Mjomba alimwuliza kuhusu mkanda wa feni. Konda akasema umewekwa mpya kabisa, tena na wa akiba upo. Mjomba ameweka redio yake kwenye kiti ili nafasi isichukuliwe, ameshuka tena, na sasa hivi ninavyoandika amesimama nyuma ya basi akiomba afunguliwe injini auone.